Mchanga wa Maji Moto

Victorine aliuosha mchanga ule mara tisa, na mara ya tisa maji yalitoka meupe vilevile kama mara ya kwanza. Akayanusa. Hayakunuka tope, yalinuka maziwa.

Akaendelea kuosha, maana kazi ile aliitaka mwenyewe. Bwana Émile, mzungu mwenye shamba la kahawa pale Kingi, aliletewa samaki wa baharini kwa ndege mwaka huo wa 1963, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza bahari aliiona wapi huku milimani. Sanduku la vioo lilikuwa sebuleni, chumvi ipo, mawe yapo. Ulikosekana mchanga tu. Ule mweusi wa ziwani Goma aliukataa, akisema una chuma na utawaua samaki. Wa mtoni ulijaa udongo. Alitaka mweupe wenye chokaa, ambao ukimwagiwa siki hutoa povu.

Victorine, mfuaji wake, aliyeitwa Mama Béata kwa jina la binti yake, mpenda sifa kama sisi sote, akamletea kiganja kimoja kutoka kwenye maji moto ya upande wa Muheto. Siki ilipougusa, mchanga ukachemka na kutoa sauti ndogo ya pumzi.

"Njo huu!" Bwana Émile akafurahi kwamba ndio wenyewe. "Mama Béata, leta ndoo mbili."

Jambo moja Victorine hakumwambia. Pale kwenye maji moto ndipo akina mama wa vilima vile walipowazika watoto waliokufa kabla ya kupewa jina, kwa sababu ardhi yake ina joto, na hakuna mama anayetaka mwanawe apigwe na baridi ya milima ya Masisi. Wake mwenyewe alikuwa pale, mwaka wa nne sasa. Alichota mbali naye. Au alijiambia hivyo.

Siku ya tatu tangu mchanga uwekwe ndani ya sanduku, asubuhi, aliacha pasi akaketi sebuleni kumnyonyesha Béata, binti yake wa miezi minane. Maji ndani ya vioo yakageuka meupe. Béata akaliachia titi, akalia. Lilikuwa tupu.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Kila alipofungua blauzi, maji yaliingia weupe na kifua chake kikakauka.

"Haukuosha muzuri," Bwana Émile akanung'unika.

Baada ya wiki shingo ya Béata ilikuwa imekonda, na kilio chake hakikuwa na sauti. Ndipo mchana mmoja wa ukungu Victorine akauinamia ule mchanga, akaona katikati yake kishimo kidogo, kimebonyea pale kinapolala kichwa cha mtoto, na pale yanapolala makalio, na alipoweka kiganja kwenye kioo, kioo kikawa cha joto, na upande wa pili wa kioo, ambako hakukuwa na samaki wala kitu chochote, kitu kikaanza kunyonya, taratibu, kikimeza, kikipumua, kikimeza tena.

Alikimbia hadi kwa mkunga mzee, Mama Emérita.

"Mama, kuko kitu inakunywa maziwa ya mutoto wangu."

"Ile mchanga ya muzungu, ulitosha wapi?"

"Kwa maji moto."

Mkunga akajiziba mdomo. Kisha akasema kwa sauti ya chini. "Haiko shetani, mutoto wangu. Iko na njaa tu. Rudisha yote. Ukisha kumwaga, geuka, enda. Usimuongeleshe. Akijua sauti yako, hatakuacha."

Samaki wawili walikuwa wameshakufa, kwa hiyo Bwana Émile hakubisha. Victorine alikwangua sanduku lote kwa kucha, akabeba ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, Béata mgongoni, akaenda akimwaga jasho hadi kwenye maji moto. Akamwaga. Akageuka.

Nyuma yake, kutoka mchangani, mtoto akalia, na si Béata. Hakikuwa kilio cha hasira. Kilikuwa kile cha mtoto aliyelazwa chini kabla hajasinzia, na miguu ya Victorine ikakataa. Mara ya kwanza, alipomzika, aliweza kumwacha hapa kwa sababu alikuwa kimya. Sasa alikuwa analia, na Victorine alimpenda, alimpenda kwa uchungu uleule wa siku ile.

"Kuya," akamwita kwa kunong'ona. "Kuya, mama iko hapa."

Jioni hiyo nyumbani Béata alishika titi, na maziwa yakaja, mengi hata yakamtiririka kidevuni. Victorine alilia kwa furaha. Kisha Béata, bila kuacha kunyonya, akajisogeza pembeni kidogo, kama anayempa mtu nafasi.