Godoro Lililopitia Uani

"Enyi watu wa nyumba hii!" alisema Mzee Zubeir. Alisimama katikati ya ukumbi, kanzu imenyooka, mkono juu kama hatibu siku ya Idi. "Mimi Zubeir bin Ame, mwenye nyumba, natangaza rasmi. Kuanzia asubuhi ya leo, nyumba hii haina kunguni. Wamekwisha."

Kunguni mmoja alitokeza kwenye ukingo wa kofia yake. Akatembea taratibu kuelekea sikioni, kama mtu aliyetumwa kuhakikisha habari hiyo.

"Baba," alisema binti yake, Saada, "huyo hajalisikia tangazo."

Mzee Zubeir alijizaba kofi la sikio. Mkutano ukafungwa.

Kusema haki, alikuwa amejitahidi. Jana yake alichoma makonyo, vile vijiti vya karafuu, chini ya kitanda chake. Alisema hakuna mdudu anayestahimili moshi ule. Ni kweli kunguni walihama. Walitoka chumbani kwake wakahamia kwa Saada, na wengine wakaingia kwenye viti vya ukumbini.

Sasa hakuna aliyekaa akatulia. Mkewe, Bi Ummkulthum, alichagua mchele kwa mkono mmoja huku wa pili ukikuna shingo. Saada alisinzia darasani. Mzee Zubeir mwenyewe akikaa anainuka, akitoka barazani anarudi ndani.

Na kulikuwa na jambo zito zaidi. Jirani yao, Bi Mwanamize, alikuwa akimwoza mwanawe mwezi ujao. Hapo kijijini Kengeja, arusi ya mmoja hulaliwa kwa magodoro ya wote. Kila nyumba hutoa ili wageni wapate pa kulala. Mzee Zubeir alishaahidi magodoro yake, tena mbele ya watu.

"Mwambie ukweli," alisema Bi Ummkulthum. "Mwambie tuna kunguni, magodoro hayatoki."

"Nimwambie? Weye wataka watu wanikimbie msikitini?"

"Na ukiyapeleka, Kengeja nzima itajikuna. Mie n'namwita Modester."

Modester alikuwa mke wa mwalimu kutoka bara, anakaa Mtambile. Kupuliza dawa ya wadudu majumbani ndiyo kazi aliyoisomea. Alifika na pampu ya mgongoni, glavu, barakoa na mdomo usiopumzika.

"Shikamoo, Mzee. Wako wapi?"

"Marahaba. Ni wachache tu."

"Wachache ni hao uliowaona."

Aliinua godoro, akamulika mshono kwa tochi. "Njooni muone. Vidoa hivi vyeusi ni kinyesi chao. Hivi vyeupe ni mayai. Mchana wanajibana humu, na kwenye nyufa za kitanda na ukuta."

"Lakini nyumba yangu safi," alisema Bi Ummkulthum kwa uchungu. "Nafagia kila siku."

"Dada, kunguni haulizi usafi. Anataka damu. Anaingia na begi, na nguo, na godoro la kuazima. Hata kwenye hoteli kubwa wapo."

Aliposikia godoro la kuazima, Mzee Zubeir alikohoa.

"Nina dawa ya kupulizia mboga," alisema haraka. "Niimwage vitandani?"

"Unataka kufa kabla ya kunguni, Mzee? Dawa ya shamba ibaki shamba. Na mafuta ya taa usiyaguse, utaunguza nyumba. Na hayo makonyo yako, umewalipia nauli tu ya kwenda chumba cha pili."

Saada alicheka mpaka akasahau kujikuna.

Kazi ikaanza. Nguo na mashuka vilitiwa kwenye mifuko ikafungwa humo humo chumbani, ili wadudu wasidondoke njiani. Vilifuliwa kwa maji ya moto, vikaanikwa juani. Vitanda vilivutwa mbali na ukuta, maungio yakamwagiwa maji yanayochemka. Mishono ya magodoro ilisuguliwa kwa brashi.

Modester alisimama mlangoni pa chumba cha uani. "Kitanda hiki hakina godoro. Liko wapi?"

"Lilioza," alijibu Mzee Zubeir akiangalia dari. "Nimelitupa."

"Haya. Sasa tokeni wote, na paka. Vyakula na vyombo vya kulia vitoke nje. Msirudi ndani mpaka dawa ikauke na hewa ipite."

Alipuliza kwenye nyufa na kwenye mbao za vitanda. Alipomaliza, alivua barakoa.

"Nitarudi baada ya wiki mbili. Dawa inaua wadudu, lakini mayai mengi yanabaki. Yakianguliwa, tunawapata watoto kabla hawajazaa. Nyufa mtaziba baadaye. Na mpaka nirudi, hakuna godoro kutoka wala kuingia."

Baada ya hapo, nyumba ilianza kulala. Saada aliacha kusinzia darasani. Ngozi ya Mzee Zubeir ilipona, ila yeye hakutulia. Kila Bi Mwanamize alipopita njiani, Mzee alikumbuka kitu ndani, akaingia.

Modester alirudi, akakagua kila mshono. Hakuona hata kunguni mmoja. Akapuliza tena, kisha wote wakaketi uani kungoja dawa ikauke.

"Hodi!" Alikuwa Bi Mwanamize, anajikuna mkono. "Mzee Zubeir, kila nikija kukushukuru nakukosa. Lile godoro ulilolipitishia uani, shangazi yangu wa Unguja, aliyetangulia kuja arusini, ndiye alilaliaye. Ila maskini, joto la Pemba limemtoa vipele mwili mzima."

Modester aliweka pampu chini, kando ya brashi.

"Vipele vimejipanga mstari?"

"Mstari, kama shanga."

"Mzee," aliuliza Modester, "ndilo lile lililooza?"

Bi Ummkulthum alimgeukia mumewe polepole. Mzee Zubeir alisimama. Akanyoosha kanzu, akaweka kofia sawa, akainua mkono.

"Mimi Zubeir bin Ame, mwenye nyumba, natangaza..." Akashusha mkono. "Hapana. Sitangazi. Nakwambia tu, Bi Mwanamize. Godoro lile lina kunguni. Nilijua. Nililipeleka kabla Modester hajafika, kwa kuogopa kuitwa mchoyo."

Bi Mwanamize aliutazama mkono wake uliovimba. Kisha akamtazama yeye.

"Basi chukua hiyo brashi," alisema. "Utaanza na mishono, na shangazi atakusimamia."