Mfereji wa Juu ya Nyumba

Kila mwaka, mwezi wa nane ukikaribia kuisha, Papa Nestor wa Kashebere alianza kupigana na mvua kabla haijanyesha. Majirani walimcheka. Jua kali, vumbi tele barabarani, naye amelala chali chini ya jipu lake kuukuu akikaza nati na kukagua minyororo ambayo hufungwa kwenye magurudumu ili yasiteleze matopeni. Alibadilisha mipira ya kufuta kioo. Alifunga beleshi na panga nyuma ya kiti. Jipu lilipokuwa tayari, aliigeukia nyumba: akapanda juu ya paa na kupigilia misumari kila bati lililolegea.

"Papa, mvua iko wapi?" Shekinah, binti yake wa miaka kumi na miwili, alimtania. "Angalia juu! Hata wingu moja hakuna."

"Itakuja tu. Na ikishakuja, hakuna muntu atapanda huku na nyundo. Wewe kazi yako ni rigole."

Rigole lilikuwa mfereji uliochimbwa juu kidogo ya nyumba. Nyumba yao ya mbao ilisimama kwenye mteremko, mlango wake ukitazama mlima, na mfereji huo ndio ulioyapindisha maji ya mvua yapite pembeni hadi bondeni. Shekinah alitakiwa kutoa udongo na majani yaliyojaa humo. Alitakiwa pia kung'oa shambani miti iliyotambaliwa na maharage, kwa kuwa mavuno yalikuwa yamekwisha na miti hiyo hutumika tena, kisha aipange nyuma ya jiko.

Kazi mbili kwa mpigo, na rafiki zake wanaruka kamba barabarani! Jiko lilikuwa mbali, mfereji ulikuwa karibu na shamba. Shekinah aliilaza miti yote mferejini, akaifunika kwa majani makavu ya migomba, akakung'uta mikono. Kutoka mlangoni ungeona kazi safi kabisa.

"Rigole umemaliza?" baba yake alimuuliza jioni.

"Imeisha, Papa."

Papa Nestor alikuwa amechoka siku hiyo, tena alimwamini binti yake. Hakupanda kutazama.

Wiki iliyofuata, Papa aliondoka asubuhi kupeleka abiria Masisi. Mama alikuwa Sake kwa dada yake aliyejifungua. Nyumbani alibaki Shekinah, mdogo wake Darius wa miaka minne, na nyanya yao, ambaye wote walimwita Koko na ambaye miguu yake ilikuwa haimbebi tena vizuri.

Mchana mbingu ikawa nyeusi. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo, na humo ndani ilibidi wapige kelele ili wasikilizane. Halafu kitu kizito kikaegemea mlango.

Shekinah alikwenda kuufungua. Mlango wao ulifunguka kwa nje, na sasa haukusogea hata kidogo. Alisukuma kwa bega. Alisukuma kwa mgongo. Chini ya mlango matope mekundu yalikuwa yakiingia polepole.

"Sukuma tena, mutoto wangu," alisema Koko kutoka kitandani.

"Koko, haifunguke! Matope imetufungia!"

Dirisha lilikuwa moja tu, na Papa alikuwa amelipigilia mbao baada ya wezi kuwaibia redio. Siku hiyo wezi walikuwa salama huko nje, na wenye nyumba ndio waliofungwa. Shekinah alivuta zile mbao mpaka vidole vikatoka damu. Papa alipopiga msumari, alipiga kweli.

Ukuta wa mbele ulianza kulia. Mbao zilipinda kuja ndani, na kila dakika matope ya nje yalizidi kupanda. Shekinah alimpandisha Darius juu ya meza. Mtoto alilia, "Nataka kutoka! Dada, nataka kutoka!" Shekinah naye alitaka kutoka, lakini yeye alijua vizuri maji yale yamepita kwao kwa nini.

Mara wakasikia mngurumo wa gari. Jipu la Papa lilikuwa likipanda mlima na minyororo yake, wakati magari mengine yamekwama huko chini. Shekinah alichungulia kwenye ufa wa ukuta. Baba yake aliruka nje na beleshi mkononi, majirani wakamfuata. Kati yao alikuwa Papa Habumugisha, mwenye shamba la juu, ambaye siku zile alikuwa amechimba mfereji mpya wa kabichi zake.

"Habumugisha!" Papa Nestor alifoka. "Hii maji ni yako! Umeigeuzia kwangu!"

"Mimi? Nestor, yangu inashukia kule ngambo ingine!"

"Uongo! Bazee, tupande tufunge mufereji yake kwanza, ao nyumba itaanguka!"

Wakaanza kupanda, wakiuacha mfereji wenye miti. Shekinah aliwaona wakienda. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Mvua itayabeba majani, Papa Habumugisha atabeba lawama. Lakini huko juu watachimba bure, na humu ndani ukuta hautasubiri.

Ubao mmoja ulipasuka. Matope yakamwagika mpaka kwenye miguu ya Koko.

"Papa! Rudi!" Shekinah alipiga kelele, mdomo ukiwa kwenye ufa. "Si Papa Habumugisha! Ni mimi! Nilitupa miti ya maharage mu rigole! Sikusafisha, nilikudanganya!"

Papa Nestor alisimama. Alimtazama jirani yake, halafu akatazama ufa.

"Iko fasi gani?"

"Pale inapinda! Pale kwa muparachichi!"

Aliyetangulia kuruka mferejini alikuwa Papa Habumugisha. Walivuta miti mikono miwili miwili na kuirusha pembeni. Maji yakapata njia yake, yakaporomoka kuelekea bondeni, na matope mlangoni yakaacha kupanda. Ndipo wakachimba. Mlango ulipofunguka, Darius alitoka mbio, na Koko akatolewa akiwa mgongoni mwa mtu yule yule aliyeitwa mwongo.

Wote walijibanza jikoni. Papa Nestor alimshika jirani yake mkono mbele ya watu. "Nilikukosea, ndugu yangu. Unisamehe."

Shekinah alipiga magoti kando ya baba yake. "Na mimi, Papa Habumugisha. Kosa ni yangu."

"Simama, mama," Habumugisha alimwambia. "Ulisema kweli wakati bado kuna muntu wa kuokoa."

Papa Nestor alijifuta matope mikononi. Shekinah alingojea fimbo. Haikuja.

"Muntu anachoka," baba yake alisema. "Ungeniambia 'Papa, sijamaliza', ningechukua jembe na mimi, tumalize pamoja. Lakini uliniambia imeisha, na mimi nikaenda safari na moyo mweupe, nikaacha mama yangu na batoto wangu chini ya mulima. Mwanangu, nikiwa mbali, sioni nyumba. Naona tu vile uliniambia."