Gunia Lenye Kilemba

Edinah na mumewe Kipchirchir waliingia kwenye majani chai mapema, umande ukiwa bado mzito. Walichuma mpaka jua likawa juu. Kisha walibeba vikapu vyao hadi kituo cha majani, karibu na barabara ya Chepseon. Ilikuwa Agosti, mwaka wa 1996.

Karani alining'iniza kikapu cha kwanza kwenye mizani.

"Kumi na tisa," akasema, akaanza kuandika.

"Kumi na tisa na nusu!" Kipchirchir alipaza sauti. "Soma vizuri! Mimi si mtoto!"

"Mzee, songa. Watu wanangoja."

"Sisongi. Pima tena!"

Alisimama mbele ya mizani, mikono kiunoni. Foleni nzima ilisimama. Karani alipima tena, na kweli ilikuwa kumi na tisa na nusu. Watu walicheka, wakamsifu. Huyo ndiye Kipchirchir. Nusu kilo yake hailiwi na mtu, hata awe nani.

Sasa ngoja usikie ya mchana.

Saa nane lori la Benard liliteremka mpaka shamba la mto. Benard alikuwa broka, dalali wa vitunguu. Alikuwa mtu wa ukoo wao, na kanisani walikaa benchi moja. Shamba la mto lilikuwa robo ekari tu, chini kabisa, kando ya kijito. Hapo ndipo Edinah alipanda vitunguu. Majani chai yalikuwa ya Kipchirchir. Namba ya mkulima kituoni ilikuwa yake, na pesa zilipitia mkononi mwake. Lakini chumvi, sabuni, na viatu vya binti yao Dorine vilitoka kwenye vitunguu vya Edinah.

Watu wa Benard walijaza gunia mpaka mdomoni. Je, walilishona? Thubutu! Walizungusha kamba na nyasi juu ya mdomo wa gunia, wakaendelea kujaza. Gunia likaota kilemba kirefu cha vitunguu. Watu wa barabarani huliita gunia la mukurino, yaani muumini wa lile dhehebu la wavaa vilemba. Bei yake ni ileile ya gunia moja. Na nani alikuwa ameshika kamba, akisukuma vitunguu kwa goti ili viingie vingi zaidi? Kipchirchir yuleyule wa nusu kilo!

"Mia tano kwa gunia," Benard alisema.

"Ati nini?" Edinah alishtuka. "Na hicho kilemba, nani analipa?"

"Mama Dorine, Chepseon nzima ni kitunguu. Kila mtu alipanda na mvua, kila mtu anavuna. Hutaki? Wacha vioze."

Alipakia magunia manne. La tano lilikosa nafasi. "Nitarudia hiyo," akasema, akaondoka.

Kipchirchir alipiga teke donge la udongo. "Hii ni kazi ya bure. Mvua ya Machi ikianza, hapa napanda miti ya blugamu. Viwanda vya chai vinataka kuni kila siku."

"Hapa? Kwa shamba yangu?"

"Yako tangu lini? Hati ina jina ya nani?"

Damu ilimpanda Edinah kichwani. Miaka tisa alikuwa ameinama kwenye udongo huo. Miaka tisa alichota maji ya kijito kwa debe, akinyunyizia mche mmoja mmoja. Leo anaulizwa hati! Alifunga mdomo, kwa sababu maneno yaliyokuwa yakitaka kutoka hayarudishwi.

Ng'ambo ya kijito aliishi Mzee Ooko, mtu wa kutoka kule ziwani. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kitalu cha kampuni ya majani chai, akitunza paipu za maji. Alipostaafu alikodi kishamba hapo. Jioni hiyo alimwona Edinah amekaa juu ya gunia lililobaki, akavuka kijito.

"Mama Dorine, nisamehe. Mimi si wa ukoo wenu, lakini macho ninayo. Asubuhi mzee wako amepigania nusu kilo, kituo kizima kinasema. Mchana amempa Benard zaidi ya kilo hamsini kwa kila gunia. Bure."

"Hamsini? Wacha mchezo, Mzee Ooko."

"Kama ni mchezo, pima."

Edinah hakulala vizuri. Asubuhi aliazima punda kwa jirani yake Loice, akalipakia lile gunia, akalipeleka moja kwa moja kituo cha majani. Wakulima walikuwa wamejaa, na Kipchirchir alikuwa katikati yao.

"Hapa tunapima majani tu," karani alimwambia.

"Mizani haijui jani na kitunguu. Pima!"

Watu walisogea kuona. Karani alikuna kichwa, kisha akakubali. Vitunguu vilimiminwa kikapu baada ya kikapu, kila kikapu kikapimwa. Vyote vilifika kilo mia moja arobaini na sita.

"Na gunia la kawaida, lililoshonwa mdomoni?" Edinah aliuliza.

"Kama tisini hivi," karani alijibu.

"Kilo hamsini na sita bure!" Edinah aliwageukia wanaume. "Kwa gunia moja! Na nyinyi hapa mnasimamisha foleni juu ya nusu kilo!"

Hakuna aliyecheka. Wengi walitazama chini, kwa sababu nao walimuuzia Benard vivyo hivyo.

Njiani Kipchirchir alichemka. "Umeniaibisha mbele ya wanaume wenzangu!"

"Aibu ni yangu, Baba Dorine, si yako. Ulimpigia karani kelele kwa sababu majani ni yako. Kitunguu ni jasho yangu, ndiyo maana kwako haina uzito!"

Kipchirchir alitembea mbele mpaka shamba la mto likaonekana chini. Mwishowe akasema, "Haya. Nakupa mpaka mvua ya Machi. Ukishindwa, ni blugamu, na nisisikie mdomo."

Siku hiyohiyo Loice alikuja na wanawake wengine watatu wenye mashamba kando ya kijito. Nao walikuwa na hasira. Walikwenda wote kwa Mzee Ooko.

"Hasira ni nzuri," mzee alisema, "lakini haimwagilii shamba. Niambieni, Benard anawaweza kwa nini?"

"Kwa sababu ana lori," Loice alijibu.

"La. Ni kwa sababu mnavuna wote wakati mmoja, na kila mtu anauza peke yake. Pandeni wakati wa kiangazi. Vuneni wakati soko halina kitu."

"Kiangazi na debe kichwani?" Edinah aliuliza kwa ukali. "Shingo yangu itavunjika!"

"Nani amesema debe? Kijito chenu kinatoka juu ya kilima. Maji hayahitaji injini kuteremka. Tunatega maji kule juu, tunalaza paipu, yanashuka yenyewe mpaka kwa matuta."

Aliwaeleza kila jambo. Kwanza waende ofisi ya maji kuomba kibali. Wasichukue maji yote, kwa maana chini wako watu na ng'ombe wanaokunywa. Waache nyasi ukingoni ili udongo usibebwe. Na blugamu je? "Huo mti unakunywa kuliko mlevi," mzee alisema. "Ukiupanda kando ya kijito, mtakuja kunililia."

Kibali kilipotoka, wanawake watano walichanga pesa, wakalaza paipu na kununua mizani ya kuning'iniza. Septemba walisia mbegu kitaluni. Mwisho wa Oktoba walihamisha miche, wakiipa nafasi ya upana wa kiganja. Mvua ilipokatika, walifungua paipu asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Kila shamba lilikuwa na siku yake. Aliyefungua siku ya mwenzake alikiona cha mtema kuni kwa Loice.

Mwezi wa Februari majani ya vitunguu yalianza kulala.

"Sasa funga maji," Mzee Ooko alisema. "Kitunguu kilichovunwa na maji mengi huoza upesi. Mkiking'oa, kikausheni shingo vizuri, mkiweke kwa uchaga, upepo upite. Nyanya haiwezi kungoja. Kitunguu kikavu kinaweza. Broka akiondoka, kitunguu chako bado kipo."

Mwanzo wa Machi Benard alifika. Chepseon haikuwa na vitunguu. Aliruka kutoka kwa lori akiwa na magunia na kamba begani.

"Leo ni kilo," Edinah alimwambia, akaonyesha mizani iliyoning'inia mtini. "Shilingi kumi na tano kwa kilo. Sisi watano tuna bei moja."

Benard alicheka, akamgeukia Kipchirchir. "Mzee, ongea na bibi yako. Sisi ni watu wa benchi moja!"

"Benchi moja?" Edinah alifoka. "Siku za kilemba hukujua sisi ni wa benchi moja?"

Kipchirchir aligeuka, akatazama mizani. Benard alipanda lori, akabamiza mlango, akaenda zake.

"Mama Dorine, angalia!" Loice alisema, akilitazama lori likienda. "Tungempa tu. Asiporudi?"

"Kitunguu ni kikavu. Kingoje."

Walingoja. Siku ya tatu, hakuna mtu. Siku ya tano, hakuna mtu. Siku ya sita mawingu meusi yalikusanyika. Edinah alitoka mbio kwenda kwenye uchaga, akamkuta Kipchirchir amefika kabla yake. Alikuwa akifunika vitunguu kwa turubai lake la majani chai, akinung'unika peke yake. Edinah alishika upande wa pili wa turubai.

Siku ya tisa Benard alirudi. Hakushuka na kamba. Alikuwa amezunguka mpaka mji wa Mulot akitafuta vitunguu, akarudi na lori tupu.

"Pimeni," alisema kwa sauti ya chini.

Walipima mpaka saa tisa. Kila gunia lilishonwa mdomoni. Zamu ya Edinah ilipoisha, Benard alihesabu noti zake, akapita mbele yake kama hamwoni, akamnyooshea Kipchirchir. Ndivyo alivyozoea. Pesa za nyumba huenda kwa mwanamume.

Edinah alihisi hasira ileile ya Agosti ikipanda. Mkono wa Kipchirchir ulikuwa umeshaanza kunyooka. Wanawake wote walimtazama.

Kipchirchir aliurudisha mkono wake mfukoni.

"Hizo si zangu," alisema. "Mimi namba yangu iko kituo cha majani. Hapa mtoni ni kwa Mama Dorine, na hakuna blugamu itapandwa."

Benard alimgeukia Edinah na zile noti. Edinah alizipokea, akazihesabu mara mbili huku mwenye lori akingoja juani. Hakutabasamu.

"Zimetimia," alisema. "Pakia uende, Benard. Septemba nasia mbegu zingine."