Masikio ya Chiriku

Jamani, haya nayasimulia nikiwa na hasira, kwa sababu yangeweza kuzuiwa na mtu yeyote aliyekuwepo.

Mji wenyewe ni mdogo, umejengeka kuzunguka chuo kikuu. Asubuhi ile ya Jumamosi nyumba ya Mama Chiriku ilikuwa imetulia. Uji ulikuwa mezani, na bintiye wa miaka minne alikuwa dirishani akimsimulia paka wa jirani ndoto aliyoota. Walimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea akifumbua macho na kunyamaza akiyafumba.

Baba yake, kinyozi wa pale kwenye lango la chuo, alikuwa amekwisha kuvaa. Kulikuwa na tamasha la siku mbili uwanjani, la wanamuziki wanaojitegemea, wale wanaorekodi nyimbo vyumbani mwao na kuziuza wenyewe. Nusu yao walinyolewa kwenye kiti chake, na yeye aliwapenda kama ndugu. Mama Chiriku ni mkutubi wa chuo, na siku hiyo alikuwa na zamu kwa kuwa mitihani ilikaribia. Alimkabidhi mumewe vifunika masikio alivyomnunulia mtoto, akamwomba mambo mawili: asimvue, na wakae nyuma kabisa, penye miti. Mume akaitikia "sawa" kabla mkewe hajamaliza kusema. Ndugu msomaji, sawa ya namna hiyo unaijua.

Saa kumi mama alipotoka kazini aliwatafuta penye miti, hawapo. Alimkuta mwanawe mbele ya jukwaa, amekalishwa juu ya spika kubwa, masikio wazi, watu wakimpiga picha. Mdundo ulikuwa mkali kiasi kwamba mama aliuhisi mbavuni. Vifunika masikio vilikuwa mfukoni mwa baba. Alisema vilikuwa vinaharibu picha.

"Mtoto mwenyewe anacheka," kinyozi alimwambia mkewe alipomvuta pembeni. "Wewe umezoea maktaba. Kwako kila sauti ni kosa."

Mama akamwendea msimamizi wa jukwaa, akamwomba watoto waondolewe kwenye spika. Yule bwana akatabasamu vizuri, akasema wataliangalia wimbo ukiisha. Zikaisha nyimbo tano. Wifi yake, aliyekuwa pale na marafiki zake, akamwambia aache kumlea mtoto kama yai. Basi mama akambeba Chiriku wakaenda zao. Njiani mtoto aliuliza "nini?" kwa kila alichoambiwa, na mama akadhani ni uchovu.

Jumapili baba alitaka kurudi naye. Mama alikataa. Walibishana mpaka chai ikapoa, mume akirudia kwamba safari hii atakuwa mwangalifu, na mwishowe mama akachoka, akasema, "Haya, nendeni." Maneno hayo mawili yanamkaba mpaka leo. Jioni walirudi na picha nyingine nyingi, na katika zote spika ilikuwepo.

Wiki iliyofuata Chiriku akawa haji akiitwa. Alisogelea televisheni hadi pua ikakaribia kuigusa. Aliagizwa kitana, akaleta kitambaa. Mama, aliyerudi kazini amechoka, akamkaripia, "Mtoto gani wewe, husikii!" Akamnyima katuni siku mbili. Hebu lifikirie hilo. Ukweli wote ulikuwa katika kinywa chake mwenyewe, naye akautumia kumwadhibu mtoto.

Aliposhtuka na kusema waende hospitali, kinyozi alisema ni nta tu, itatoka yenyewe, wasubiri mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ulikuja na kupita, mara tatu. Hatimaye mwalimu wa chekechea akamwita mama, akamweleza kwamba Chiriku hujibu tu anapotazamana na anayesema naye, na kwamba wenzake wakiimba yeye hukaa kimya akiwaangalia midomo.

Daktari wa masikio alimwingiza mtoto katika chumba kidogo kisichopitisha kelele, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Wazazi walitazama kupitia kioo. Mkono ulikaa pajani muda mrefu. Baba alinong'ona kwamba labda hajauelewa mchezo. Kisha daktari akabonyeza mlio mzito, na mkono ukainuka papo hapo, Chiriku akitabasamu kwa fahari. Mchezo alikuwa ameuelewa vizuri sana.

"Sauti nyembamba zimekwenda, na hazitarudi," daktari alisema. "Mngemleta siku zile za mwanzo, pengine kungekuwa na cha kujaribu. Mlikuwa mnangoja nini?"

Mama alitaka kusema kwamba yeye alisema, alisema tangu siku ya kwanza, lakini akakumbuka lile "haya, nendeni."

Sasa Chiriku huvaa kifaa cha kumsaidia kusikia. Kinamsaidia kiasi. Bado anaongea, ila maneno mengine yameanza kupoteza kingo, na wageni humwomba arudie.

Juzi mwalimu aligawa filimbi ndogo za plastiki za michezo. Jioni, baada ya kuoga, kabla hajarudishiwa kifaa chake, Chiriku alisimama uani akaipuliza yake kwa nguvu zake zote, mpaka jirani akafunga dirisha. Aliipuliza tena, akaigeuza, akachungulia tundu. Kisha akampelekea baba yake.

"Baba, hii mbovu. Haitoi kitu. Nitengenezee."

Kinyozi aliipokea, akaifuta kwa shati lake. "Nitaitengeneza," alisema. Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko, na hakuna aliyemfuata.

Funzo

Mtoto akicheka hajasema kwamba hajaumia. Hajui kinachomdhuru, ndiyo maana amepewa wazazi. Ukimpeleka penye muziki mkubwa, mfunike masikio na umweke mbali na spika, hata kama picha zitakuwa mbaya. Akiacha kuitika, usimwite mkaidi, na usingoje mwisho wa wiki. Mpeleke apimwe siku hiyo hiyo. Nanyi mnaoandaa matamasha, kamba moja mbele ya spika haishushi hadhi ya muziki wenu. Na wewe unayeonya nyumbani bila kusikilizwa, najua unachoka. Choka kwa mengine yote. Kwa mwanao usichoke.