Meza Isiyo na Chumvi

Sahani zilirudi jikoni tupu, na wageni walikuwa hawajafika.

Mwanamize alizitazama zilivyopangwa kwenye sinia. Wali wa zafarani umekwisha. Majani ya mzabibu yaliyojazwa nyama yamekwisha. Hata miiba ya samaki haikuwepo.

"Umekula wewe?" alimuuliza Velma.

Velma, Mkenya aliyehudumia meza na kutandika vyumba, aliweka mkono kiunoni. "Mimi? Chakula cha watu wanne? Hata ningekuwa na njaa, hiyo miiba ningeimeza?"

Ilikuwa mwaka 2003, katika nyumba ya wageni ya Bwana Bakhit. Nyumba hiyo ilijengwa kwenye kisiwa kidogo ndani ya khor, mahali ambapo maji ya bahari huingia kati ya milima na kutulia kama maji ya beseni. Bwana Bakhit alipanda mizabibu, akaitambaza juu ya fito, akaweka meza chini ya kivuli chake. Watu wenye uwezo walipanda boti Bandari ya Sultan Qaboos kuja kula na kupumzika. Mvinyo hakuuza. Aliuza chakula kizuri na ukimya.

Mwanamize alikuwa mpishi wake. Mumewe, askari, alikuwa kambini Salala, kwa hiyo aliruhusiwa kukaa na mwanawe Hasina, mtoto wa miezi mitano, aliyelala kwenye susu karibu na jiko.

Wageni wa siku ile walikuwa wazee wenye presha. Walipiga simu wakaomba chakula kisitiwe chumvi hata chembe. Mwanamize akapika hivyo. Akatandika kitambaa cheupe, akanyunyiza marashi, akafukiza udi chini ya meza, maana Bwana Bakhit alipenda meza inukie. Kisha bahari ikachafuka, boti haikuondoka bandarini, na chakula kikabaki chini ya mizabibu, jua likiwa utosini.

Alikuwa akiosha sahani ya mwisho alipoelewa. Kwao Bawshar, bibi yake alikuwa akiandaa sinia namna hiyo hiyo: chakula bila chumvi, udi, marashi, kitambaa cheupe, na binadamu yeyote asikae kula. Sinia hiyo haikuwa ya watu.

"Velma," alinong'ona, "nimewaandalia majini."

"Ah, wewe! Ni paka huyo."

"Kisiwa hiki hakina paka."

Velma akafanya ishara ya msalaba, haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Kesho yake adhuhuri, wageni waliofika asubuhi wakiwa wamelala vyumbani kwa joto, kiti kimoja kilisikika kikiburutwa chini ya mizabibu. Mwanamize alichungulia dirishani. Hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama anavyokivuta anayetaka kukaa, na kitambaa cha meza kilikuwa kimebonyea sehemu mbili, pale ambapo mtu huweka viwiko. Harufu ya udi ikaingia jikoni, na chetezo kilikuwa baridi.

Siku hiyo Hasina hakulia. Mwanzoni mamake alishukuru. Lakini mtoto alikataa ziwa, akawa anatazama juu ya bega la mamake, akifuata kwa macho kitu kilichopita polepole kutoka mlangoni hadi kwenye susu. Ilipofika Jumatano, siku ya tano, mashavu yalikuwa yamebonyea, na mikono yake ilikuwa myepesi kama ya mtoto aliyezaliwa jana.

Bwana Bakhit aliposikia, alicheka bila furaha. "Mwanamize, hayo bibi zetu walikuja nayo kutoka Unguja. Hapa tumwite daktari. Na tafadhali, nna wageni Alhamisi, usinitie aibu."

Daktari alikuja kwa boti, akapima, hakuona ugonjwa. Alisema mtoto apelekwe hospitali, na Mwanamize hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akapanda boti naye. Lakini walipofika kwenye mdomo wa khor, pale maji ya kijani yanapogeuka buluu, mtoto alipoa mikononi mwake, midomo ikawa ya kijivu, kifua kikasimama, na mama akampigia mwendesha boti kelele ageuze, ageuze, na boti ilipogeuka tu kuelekea kisiwani Hasina akavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetolewa kisimani, na nyuma ya pumzi hiyo Mwanamize akasikia nyingine, nzito, ya mtu mzima aliyeshiba, karibu kabisa na sikio lake.

Siku hiyo hiyo wakamleta Bi Mahfoudha, mwenye duka la vitambaa Hamriya, aliyejulikana kwa kusema na majini. Alishuka kwenye boti akiwa amejiziba mdomo kwa ushungi.

"Mnanipandisha boti mimi, ninayetapika hata kwenye teksi! Haya, mtoto yuko wapi?"

Alipomwona Hasina, utani ulimtoka. Akawasha udi, akakaa chini ya mizabibu, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Velma alikuwa akipita na birika la maji. Birika likaanguka. Velma akakaa kwenye kile kiti, mgongo wima, viwiko mezani, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamume mzee, kwa Kiunguja ambacho Velma hakupata kukisema maishani mwake.

"Mnanisomea nini? Mimi mgeni."

"Kakualika nani?" Bi Mahfoudha aliuliza.

"Huyo mpishi. Kanipikia vizuri. Kesho yake nikaja, sikuandaliwa. Nikala kilichokuwepo. Kitoto bado hakijaonja chumvi."

Mwanamize alijitupa chini. "Nisamehe, baba. Sikujua. Niachie mwanangu."

"Tutakupa mbuzi mweusi," Bi Mahfoudha akasema. "Tutakupa halwa, mayai, nguo nyeupe. Uondoke."

Velma alitabasamu, na meno yake yalionekana mengi mno. "Mbuzi nnapewa kila mahali. Nnautaka mkono wake. Anipikie kila adhuhuri, hapa hapa. Mtoto aende. Anayenipikia mimi halishi mwengine."

"Mpaka lini?"

"Mgeni mnamuuliza hayo kwenu?"

Bi Mahfoudha alisoma tena, akasoma mpaka sauti ikamkauka, na majani ya mizabibu juu yao hayakutikisika hata moja. Mwishowe alifunika chetezo. Hakumtazama Mwanamize usoni.

"Mwanangu, huyu simwezi," alisema. "Sikufichi. Kubali, au umzike."

Asubuhi iliyofuata Velma alipanda boti akiwa na Hasina, kumpeleka Bawshar kwa mama yake Mwanamize. Hakukumbuka kitu, ila koo lilimuuma. "Nitamshika vizuri, Mwanamize," alisema, "usiangalie tukienda, utaumia bure." Mwanamize aliangalia. Boti ilikata maji yaliyotulia, ikawa ndogo, ikafika kwenye mdomo wa khor, ikapita. Haikugeuka.

Kisha, kutoka mbali juu ya maji, ikamfikia sauti ambayo hakuisikia tangu wiki iliyopita: Hasina analia, kilio kikali cha mtoto mwenye njaa. Maziwa yakamtoka Mwanamize, yakalowesha kanzu mpaka kiunoni. Alisimama pale ufukweni, mikono imening'inia, mpaka kilio kilipopotea nyuma ya mlima.

Nyuma yake, chini ya mizabibu, kijiko kilianza kugonga sahani taratibu. Akaingia jikoni kuwasha moto.