Mshindi Anabaki

Kwanza lilikuwa jambo dogo tu: unyayo. Asubuhi ya Jumatatu fundi cherehani alifungua chumba cha nyuma ya duka lake akaukuta katikati ya godoro la mazoezi, umelowa, kisigino kimebonyea kama cha mtu mzito aliyesimama hapo usiku kucha. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Akaufuta kwa kipande cha kitambaa, akarudi kushona. Anayetaka kuogopa hakosi sababu.

Majirani walikijua chumba kile. Kila Jumamosi jioni watu watano sita walivua viatu mlangoni, wakapimana michezo yao: karate ya Fundi, ngumi za muuza nyama, judo ya yule muuguzi waliyemwita Sindano, si kwa kazi yake bali kwa ulimi wake. Hawakutafuta ubingwa. Walitaka tu kujua teke likikutana na mtu anayejua kudaka mguu, inakuwaje. Sheria zilikuwa tatu, na hata watoto walizijua. Mchezo unafunguliwa kwa kuinama na kufungwa kwa kuinama. Aliyekabwa akigonga godoro mara mbili, au akigongewa na mwingine, anaachiwa. Na mshindi anabaki, anayefuata anaingia.

Siku moja kabla ya unyayo ule, Fundi alikuwa peke yake akiunga mtindo wake mwenyewe, hatua ishirini alizochota huku na huku, za kupigana na adui asiyekuwepo. Aliinamia hewa akasema kwa mzaha, "Karibu, bwana. Nionyeshe na wewe ulichonacho." Alipofika hatua ya kumi na mbili, mteja akapiga hodi akiulizia suruali yake. Fundi akatoka, akafunga mlango. Hakuinama.

Jumanne, cherehani iliponyamaza, alisikia kishindo nyuma ya mlango, puu, kama mtu aliyebwagwa. Kisha nyayo zikaburuzwa juu ya godoro, polepole. Akajikuta anazihesabu. Zilifika kumi na mbili, zikasimama, zikaanza upya. Chini ya mlango ikapenya harufu ya nywele zilizoungua.

Alhamisi binti yake wa miaka minane, aliyemlea peke yake tangu mama yake afariki, alikaa mezani akashindwa kumeza. Shingoni alikuwa na alama za vidole.

"Nani kakukaba?"

"Simwoni, baba. Anauliza utarudi lini kumalizia."

Sindano aliitwa. Aliishika ile shingo kwa mikono yake ya kazi, akahesabu alama, akahesabu tena. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Sita," alinong'ona. "Mkono mmoja, vidole sita. Fundi, hili ni jini. Ulimfanya nini?"

Akamweleza.

"Kumbe! Ulimwita mtu mchezoni ukamwacha amesimama? Hata binadamu angenuna."

"Ulikuwa mzaha, dada."

"Mzaha umeujua wewe. Kamalize, kisha uiname, umpe ruhusa aende. Mtoto atakaa kwangu."

Jumamosi mchana, kabla wenzao hawajafika, Fundi alivua viatu. Sindano alisimama mlangoni. Fundi akaanza hatua ya kumi na tatu, na ngumi yake ikagonga kitu. Akapiga teke, teke likadakwa; akajinasua kwa mbinu ya Sindano, nayo ikajibiwa kwa mbinu ile ile, ila kwa haraka zaidi, kwa mikono iliyokuwa baridi na yenye unyevu na iliyojua kila hatua kabla hajaiwaza, maana siku sita ilikuwa ikiurudia mtindo wake gizani, mpaka katika hatua ya kumi na tisa akainuliwa, akabwagwa, mikono yake ikabanwa mbavuni asiweze kugonga, na vidole sita vikamzunguka koo, vikakaza, huku Sindano akimvuta asijue anamwondoa kwa nani, huku yeye mwenyewe akiona dari inaingia giza.

Kisha kiganja kidogo kikagonga godoro. Pa, pa.

"Basi! Baba kashindwa!"

Binti yake alikuwa amemfuata Sindano kwa kunyata. Koo likaachiwa. Fundi akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa godoro. "Asante kwa mchezo," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nenda salama." Mbele yake godoro likabonyea taratibu, kama mtu naye ameinama. Harufu ikaisha. Sindano akacheka, akalia, akamkaripia mtoto na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Jumatatu Fundi alishona akipiga mluzi. Nyuma ya mlango kulikuwa na kimya kizuri. Alipoinuka kutafuta uzi mweusi, aliona viatu vidogo vya shule vimepangwa kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma, kisigino kwa kisigino.

Binti yake alikuwa juu ya godoro, peku, akiutazama ukuta.

"Mwanangu," Fundi alinong'ona, "toka hapo. Yule kaondoka."

"Wewe ndiye uliyetoka, baba." Hakugeuka. "Si ulishindwa? Mshindi anabaki."

Akaweka mikono mapajani, kama alivyowaona wakubwa wakifanya kila Jumamosi, akainama. Na mbele yake, hatua mbili tu, godoro likabonyea.