Alama Sita katika Daftari la Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuosha mabuti ya mama, kuhesabu glavu zilizobaki kwenye mkoba wake, na kumsomea daftari la wagonjwa ili ajue aanzie wapi. Mama ni mtaalamu wa mifugo. Wagonjwa wake hawajui kusema wanaumwa wapi, kwa hiyo daftari lile lilipewa heshima zaidi nyumbani kuliko televisheni. Kila mnyama alikuwa na ukurasa wake: ugonjwa, dawa, saa, na alama ya vema kila dawa inapotolewa.

Majirani walinipachika jina la Daktari Mdogo, nami nikalipenda kupita kiasi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kaka yangu alikuwa mwaka wa tatu katika chuo cha mifugo, na muhula ule alikuja nyumbani kufanya mafunzo ya vitendo chini ya mama. Kaka alipenda maneno mazito. Jioni moja tukiosha vyombo alinieleza usugu wa dawa: kwamba vimelea vya ugonjwa visipokufa vyote, vile vigumu hubaki na kuzaana, mwisho dawa ileile haiviwezi tena. Nilikariri maelezo yale neno kwa neno, nikayatoa darasani, nikapigiwa makofi. Kichwa kikanivimba. Leo nikiyakumbuka makofi yale, masikio yananiwaka.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi bibi mmoja mjane. Wateja walimwita Bibi Mgando kwa sababu ya maziwa yake ya mgando, mazito kiasi kwamba ukiinamisha kikombe hayatikisiki. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Jumatatu moja alikuja kwetu mbio na kikombe mkononi. Maziwa yaliyokuwamo yalikuwa na mabonge na uzi mwembamba wa damu.

Mama alimpima ng'ombe, akakuta chuchu moja imevimba na ina joto. "Ni ugonjwa wa kiwele," alisema. "Tumewahi. Dawa ni mirija sita, asubuhi na jioni, siku tatu mfululizo. Maziwa yote yamwagwe siku hizo tatu, na siku tatu zaidi baada ya mrija wa mwisho. Hata ya chuchu nzima."

"Hata mgando nisigandishe?" aliuliza bibi.

"Hata mgando, mama yangu. Dawa inabaki ndani ya maziwa."

Alisukuma dawa ya mrija wa kwanza mwenyewe kupitia tundu la chuchu, kisha akamfunga ng'ombe kitambaa chekundu mguu wa nyuma. Hiyo ilikuwa desturi yake ya kazi. Yeyote atakayekuja kukamua akiona kitambaa, ajue maziwa hayo si ya kunywa. Mchana huohuo alitakiwa kuondoka kwenda kuchanja mbwa katika vijiji vya mbali, arudi Jumamosi. Kaka akapewa mirija mitano iliyobaki, mimi nikapewa daftari.

"Wewe usiandike kitu ambacho hukukiona," mama aliniambia. Nikaitikia kama mtu aliyeambiwa jua linachomoza asubuhi.

Jumatatu jioni na Jumanne asubuhi mambo yalikwenda sawa. Kufikia Jumanne jioni uvimbe ulikuwa umekwisha na mabonge hayakuonekana tena. Kaka akamminya ng'ombe kiwele, akacheka.

"Huyu keshapona. Ya nini kupoteza dawa nzuri? Mirija hii mitatu tuitunze, itamsaidia mwingine."

"Lakini wewe ulisema vile vigumu hubaki..."

"Hiyo ni ya mtihani, mdogo wangu. Huku kazini watu hutumia akili. Weka vema tu, mama asije akatusomea hotuba."

Nilijua kabisa kwamba si sawa. Ningeweza kusema hapana, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini kaka alikuwa na mechi, nami nilikuwa na uvivu wa kuamka mapema siku iliyofuata, basi tukaelewana haraka. Nikaweka vema ya nne. Jumatano nikaweka ya tano na ya sita nikiwa nimekaa mezani, bila kumwona ng'ombe.

Jumatano hiyohiyo jioni bibi aliniita uani. Alikuwa amesimama na ndoo iliyojaa maziwa meupe, amekunja uso.

"Daktari wangu," alisema, "nimeahidi mgando kwa mkutano wa wazazi wa shule yenu keshokutwa. Maziwa yenyewe ndiyo haya, mazuri hivi. Niyamwage mpaka lini?"

Angeweza kumsubiri mama. Aliniuliza mimi kwa sababu aliniamini. Hakuwa na nia ya kunivisha kilemba cha ukoka, nilikivaa mwenyewe. Nikatumbukiza kidole kwenye ndoo, nikayatazama maziwa kama nimeyasomea, nikasema, "Yako safi, bibi. Yatumie." Kisha nikainama na kumfungua ng'ombe kile kitambaa chekundu kwa mkono wangu.

Ijumaa wazazi walijaa kwenye ukumbi wa shule. Bibi Mgando aliingia na ndoo mbili nyeupe, amevaa nguo zake za kutokea, akaanza kuteka. Kilichomiminika kwenye kikombe cha kwanza kilikuwa chepesi kama maji ya mchele. Akateka kutoka ndoo ya pili. Vilevile. Alikoroga, akakoroga tena.

"Bibi, leo umetia maji?" mzazi mmoja alitania, na wengine wakaangua kicheko.

"Mkutano mkubwa, ndoo ni mbili tu," akadakia mwingine. "Lazima bomba lisaidie."

"Miaka kumi na tisa sijawahi kutia hata tone," bibi alisema. Hakuna aliyemsikiliza. Mwalimu mkuu akamwomba kwa upole aziondoe ndoo zake, watu wapewe chai.

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nimeshika sinia la vikombe. Nilijua maziwa yale yameharibiwa na nini. Nilimwona akizifunika ndoo, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akitoka kwa mlango wa nyuma ili asipite katikati ya watu. Niliendelea kugawa chai.

Jumamosi asubuhi mama alirudi, akakuta bibi anamngoja kibarazani. Chuchu ilikuwa imevimba tena, safari hii zaidi, na ng'ombe alikuwa hali chochote. Tulikwenda sote wanne. Mama alimkagua, akalifungua daftari juu ya ukuta wa zizi, akapitisha kidole kwenye alama zangu moja baada ya nyingine.

"Sita," alisema. "Amepata dozi kamili na bado ugonjwa umerudi kwa nguvu. Basi dawa hii imeshindwa." Akachomoa chini kabisa ya mkoba kiboksi ambacho sijawahi kumwona akikifungua. "Hii huwa siitumii. Naiweka kwa mgonjwa ambaye nyingine zote zimeshindwa kumponya. Nikiitumia ovyo na vimelea vikaizoea, sitakuwa na pengine pa kukimbilia. Lakini daftari limeshasema."

Akaanza kuchana karatasi ya kiboksi. Nikamtazama kaka. Kaka alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mama, subiri," nilisema. "Alipata mirija mitatu. Alama tatu za mwisho niliziandika tu. Na mimi ndiye niliyemwambia bibi maziwa yako salama."

Mama alikirudisha kiboksi mkobani polepole. Bibi Mgando alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanitazama.

"Kwa hiyo jana," alisema, "waliponiita mwongo, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, bibi."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Kaka akajaribu kunitetea, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyesimamisha dawa. Mama akamgeukia.

"Mtihani wa usugu wa dawa ulipata ngapi?"

"Tisini na mbili," kaka alijibu kwa sauti ya chini.

"Ng'ombe huyu hakuuona mtihani wako. Mirija mitatu iko wapi?"

"Kwenye droo yako, mama. Pamoja na ile mingine."

Ile droo sote tuliijua. Ilikuwa na vipande vya dawa zilizobaki kwa wagonjwa wengine: nusu chupa, mirija miwili miwili, paketi zilizokunjwa.

"Basi na mimi nimo," mama alisema. "Nimewafundisha kwa mdomo kumaliza dozi, na kwa mkono nikawafundisha kutunza mabaki. Nisamehe, mama yangu."

Hakumpa ng'ombe dawa yoyote ya kuua vimelea kwa siku hiyo. Alikamua maziwa kidogo ndani ya kichupa safi, kaka akakipeleka maabara ya mifugo. Tulipokuwa tunangoja majibu, bibi alikikamua kiwele mara nyingi kwa siku na kukikanda kwa maji ya uvuguvugu, mama akampa ng'ombe dawa ya kupunguza maumivu. Majibu yalikuja siku ya tatu. Dawa ile ya kwanza haikuviweza tena vimelea vile, lakini kulikuwa na nyingine ya kawaida inayoviweza. Kile kiboksi hakikuhitajika. Safari hii kaka alimaliza dozi yote, na bibi alisimama nyuma yake akihesabu kwa sauti. Kazi ya kumwaga maziwa shimoni asubuhi na jioni nilipewa mimi, siku zote mpaka muda ulipotimia. Chuchu tatu zilirudi sawa. Ya nne haikutoa maziwa tena.

Jumatatu ya kwanza baada ya mama kurudi, kwenye gwaride la asubuhi, nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuzungumza. Nilisema mbele ya shule nzima kwamba Bibi Mgando hakutia maji, kwamba dawa ya ng'ombe iliyobaki kwenye maziwa ndiyo iliyoua vijidudu vizuri vinavyogandisha, na kwamba aliyeyaruhusu ni mimi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu akawaandikia wazazi barua, nami nikaipeleka nakala moja kwa bibi. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akaniambia nisichelewe kuja kumwaga maziwa jioni.

Siku ng'ombe alipotangazwa amepona, mama aliikung'uta ile droo yote ndani ya boksi la kurudisha ofisi ya mifugo, dawa zikateketezwe huko. Kisha akaniita mezani na kunifungulia ukurasa wa ng'ombe yule.

Nikamwomba tuuchane, niandike upya vizuri.

"Hauchanwi," alisema. "Mstari mmoja juu ya kila alama ya uongo, na pembeni uandike: hakupewa. Dawa huwa haiharibiwi na wajinga peke yao, mwanangu. Sisi tunaojua ndio tunaoiharibu zaidi, tukiona uvivu kufanya tunachokijua. Mwaka kesho mtu mwingine anaweza kuja kumtibu ng'ombe huyu. Atauliza kwa nini ana chuchu tatu, na jibu lazima alikute hapa, hata kama linatuaibisha."

Niliandika mara tatu: hakupewa, hakupewa, hakupewa. Mama akasubiri wino ukauke, akaandika jina langu kamili chini yake.